Nitapatanaje bei kamili ya gari jipya hapa Texas bila kuzungushwa kwa marejesho ya mwezi?

Mgeni wa Houston:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Huu ni mwaka wangu wa nne Houston, na ninataka kununua gari jipya kwa mara ya kwanza maishani, kwani nililonalo limeshatembea maili 140,000 na fundi amenionya nisilitegemee tena kwa safari za mbali. Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye duka moja la magari nikijiamini kabisa, maana nimekulia Dar es Salaam na kupatana bei Kariakoo si jambo geni kwangu. Nilitoka baada ya kukaa humo kwa muda wa saa nne nikiwa bado sijui gari linauzwa kiasi gani.

Kila nilipouliza bei, muuzaji aliniuliza ninaweza kulipa dola ngapi kwa mwezi. Nilipotaja kiasi, alichora msalaba kwenye karatasi, vikapatikana vyumba vinne: bei ya gari, thamani ya gari langu la zamani, kianzio, na marejesho ya mwezi. Kisha akawa anaingia kwa meneja na kurudi na tarakimu nyingine, na kila chumba kimoja kiliposhuka, kingine kilipanda. Chini kabisa ziliorodheshwa ada ambazo sijawahi kuzisikia. Ninaomba mnieleze: bei inayopatanwa hapa ni ipi hasa, na katika ada hizo, zipi ni za serikali na zipi ni za muuzaji?

Mzee wa Dallas:

Pole sana, ndugu yangu. Kariakoo mnapatana bei ya kitu kimoja, na mkishaafikiana biashara imekwisha. Hapa ulikuwa na biashara tatu zilizofungwa katika furushi moja: unanunua gari, unauza gari lako, na unakopa fedha. Ile karatasi ya vyumba vinne inazichanganya makusudi, ili anachokupa kwa mkono huu akichukue kwa mkono mwingine, nawe ubaki ukitazama marejesho ya mwezi peke yake. Mkopo wa dola 30,000 kwa riba ya asilimia 6 unarejeshwa kwa dola 580 hivi kila mwezi kwa miezi 60. Ukinyooshwa hadi miezi 84, marejesho yanashuka hadi dola 438, nawe unaona umepunguziwa, kumbe mwishoni utakuwa umelipa takriban dola 2,000 zaidi kwa gari lile lile.

Dawa yake ni kudai tarakimu moja: kiasi ambacho, ukikiandika kwenye hundi leo, unakabidhiwa ufunguo na kuondoka bila kudaiwa senti. Mimi huiita bei kamili, wala si bei ya jumla, maana kwetu bei ya jumla ni ya anayebeba mzigo. Usiidai ukiwa umekaa mbele ya meza yao. Chagua gari mahususi kwenye tovuti zao, chukua namba yake ya chasisi, kisha waandikie barua pepe wauzaji watano au sita wenye gari la aina hiyo hiyo, ukiomba bei kamili pamoja na mchanganuo wake wote kwa maandishi. Gari la zamani usilitaje kabisa mpaka tarakimu hiyo iwe mkononi mwako.

Kuhusu ada, anza na karatasi iliyobandikwa dirishani. Sheria ya mwaka 1958, iliyosukumwa na seneta Monroney wa Oklahoma, inalazimisha kila gari jipya liwe na karatasi hiyo, yenye bei anayoipendekeza mtengenezaji, vifaa vyake, na gharama ya kulisafirisha hadi dukani. Gharama ya usafirishaji ni ile ile kwa kila mnunuzi wa gari hilo, kwa hiyo usipoteze pumzi juu yake. Pigania bei yenyewe. Ukiona karatasi ya pili pembeni, hiyo ni ya muuzaji mwenyewe: hewa ya naitrojeni kwenye matairi, namba zilizochongwa kwenye vioo, dawa ya kulinda rangi, pengine hata nyongeza ya "bei ya soko". Hayo yote unaweza kuyakataa.

Za serikali ni chache: kodi ya mauzo ya asilimia 6.25, kadi ya umiliki dola 28 au 33 kutegemea kaunti, na usajili wa dola 50.75 pamoja na ada ndogo za kaunti. Ada ya kuandaa nyaraka ni ya muuzaji. Mara nyingi pia utaona mstari wa kodi ya bidhaa zilizoko dukani, ambao umevaa joho la serikali, lakini kodi hiyo hutozwa muuzaji, naye anakurushia wewe. Hata kama atagoma kuifuta mistari hiyo miwili, haidhuru, ilimradi ashushe bei ya gari kwa kiasi hicho. Ndiyo maana nasisitiza tarakimu ya mwisho, kwa sababu akikupunguzia juu na kukuongezea chini, utaiona papo hapo.

Jambo moja dogo: sheria ya Texas hairuhusu wauzaji wa magari kufungua Jumamosi na Jumapili mfululizo, na wengi hufunga Jumapili. Nenda siku hiyo ukatembee uwanjani na kusoma karatasi za dirishani kwa raha zako.

Binti Tanga:

Ninakubaliana na mzee, ila kuhusu gari la zamani ningependa kuongeza hesabu moja. Hapa Texas, ukimwachia muuzaji gari lako, thamani yake huondolewa kabla ya kodi kukokotolewa. Gari jipya likiwa la dola 31,000 na la zamani likathaminiwa dola 8,000, utatozwa kodi juu ya dola 23,000 tu, yaani dola 1,437.50 badala ya dola 1,937.50. Maana yake, anayetaka kulinunua pembeni lazima atoe zaidi ya dola 8,500 ndipo upate faida, bado hujahesabu usumbufu wa kukutana na watu usiowajua. Kwanza pata thamani ya maandishi kutoka kwa wanunuzi wa magari yaliyotumika, ndipo umwonyeshe muuzaji, lakini baada ya bei ya gari jipya kuandikwa.

Muuguzi wa Fort Worth:

Mimi nilipatana vizuri sana, kisha nikaumizwa kwenye ofisi ya pili. Baada ya kupeana mikono na muuzaji nilipelekwa kwa mtu wa mikopo, nami nikadhani kazi iliyobaki ni kutia saini tu. Benki ilikuwa imekubali kunikopesha kwa asilimia 6, niliandikiwa 7.5. Muuzaji anaruhusiwa kuongeza juu ya riba ya benki na kunufaika na tofauti hiyo, na kwa mkopo wa dola 30,000 wa miezi 72, tofauti hiyo ni takriban dola 1,550. Niligundua nikiwa nyumbani. Nilidhani nina siku tatu za kurudisha gari, kumbe ile kanuni ya shirikisho ya siku tatu haihusu gari lililonunuliwa kwenye duka la muuzaji.

Usitarajie kanuni mpya ikuokoe. Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitunga moja mwishoni mwa mwaka 2023 ili kuwabana wauzaji kuhusu bei kamili na nyongeza za siri, lakini mahakama ya rufaa ikaibatilisha Januari 2025. Kwa hiyo nenda ukiwa na barua ya mkopo kutoka chama chako cha akiba na mikopo, halafu mwambie mtu wa mikopo akupe riba iliyo chini ya hiyo, ama sivyo utatumia yako.

Mgeni wa Houston:

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Niliwaandikia wauzaji sita. Wawili hawakujibu, na wawili walinijibu kwamba bei kamili hutolewa dukani tu. Mmoja amenipa dola 33,900 bila nyongeza yoyote. Mwingine ametaja 33,150, lakini ndani yake kuna dola 899 za naitrojeni na namba za kwenye vioo, ambazo anasema zimeshawekwa na haziondoleki. Je, nimpe yule wa kwanza nafasi ya kushuka?

Mzee wa Dallas:

Marahaba. Hao waliokuita dukani waache. Huyu wa pili ndiye wa bei nafuu hata akiwa na naitrojeni yake, kwa hiyo mjibu kwamba hukuagiza vitu hivyo, avibakize kwenye gari akipenda, ila afute dola 899, nawe utakuja kesho kutia saini. Wa kwanza mtumie ile 33,150 umwulize kama anaweza kuishinda, na usimdanganye tarakimu, kwani anaweza kukuomba umwonyeshe barua yenyewe. Mwezi ukiwa umebakiza siku nne, wote wawili wana malengo ya mauzo ya kutimiza. Atakayekubali, mwombe akutumie mchanganuo mpya kabla hujatoka nyumbani, na ukifika linganisha namba ya chasisi ya gari na ile iliyo kwenye barua kabla hujakaa kitini.