Dhoruba dhaifu baharini: kitovu kikiachwa uchi

[07:12] Mwanaidi: Shikamoo mjomba. Angalia picha ya setilaiti niliyotuma. Kuna kizunguzungu cha mawingu mepesi, na wingu kubwa jeupe liko mashariki yake, mbali kidogo. Kitovu ni kipi?

[07:15] Mjomba Salim: Marahaba mwanangu. Kitovu ni hicho kizunguzungu. Lile jeupe ni mawingu ya radi yaliyosukumwa na upepo wa juu. Dhoruba nyingi dhaifu huonekana hivi zikianza kuishiwa nguvu.

[07:16] Baraka: Lakini mjomba, maji yana nyuzi joto 28! Si inahitaji 26.5 tu?

[07:20] Mjomba Salim: 26.5, na joto hilo lifike kina cha mita 50 hivi, kwa sababu mawimbi huchanganya maji na kuleta ya baridi juu. Ila maji ya moto peke yake hayatoshi. Lazima kuwe na mvurugiko wa hewa ulioanza tayari, walau digrii 5 kutoka Ikweta ili hewa ipate kuzunguka, na unyevu hadi kilomita 5 juu. Tena upepo ulio kilomita 1.5 juu ya bahari na ule ulio kilomita 12 juu usitofautiane sana. Tofauti ikipita kilomita 36 kwa saa, dhoruba changa hutaabika.

[07:26] Mamkubwa Zuhura: Hapo kwenye upepo ndipo penye kiini, Salim. Mvuke ukigeuka maji hutoa joto. Joto hilo likikaa wima juu ya kitovu, mgandamizo wa hewa chini hushuka na upepo huongezeka. Mnara wa mawingu ukiinamishwa na upepo wa juu, joto linakwenda kwingine na kitovu hakipati kitu. Kisha hewa kavu inapenya: matone ya mvua yanakauka yakiwa angani, hewa inapoa, inaanguka na kutawanyika juu ya bahari, inaziba njia ya hewa ya moto iliyokuwa ikiingia. Baraka, kuza picha. Unaona nyuzi za mawingu kama upinde zinaikimbia mvua? Ndiyo hewa hiyo.

[07:29] Baraka: Naziona mamkubwa. Mbona alfajiri radi zilirudi karibu na kitovu? Si imepata nafuu?

[07:33] Mwanaidi: Usiamini radi za alfajiri haraka. Juu ya bahari mawingu haya hushamiri usiku na kufifia mchana. Yakibaki juu ya kitovu hadi jioni, hapo nitakubali.

[07:35] Mjomba Salim: Sawasawa. Na ukilinganisha taarifa, kumbuka kwamba wengine hupima wastani wa upepo kwa dakika 1, wengine kwa dakika 10. Wa dakika 10 hutoa namba ndogo kwa dhoruba ileile. Mpaka wa dhoruba ni kilomita 63 kwa saa. Chini ya hapo huhesabiwa mgandamizo mdogo tu, yaani mzunguko ambao haujafikia cheo cha dhoruba.

[07:38] Baraka: Tutajuaje imekufa?

[07:43] Mamkubwa Zuhura: Tazama upande wake unaoelekea Ikweta. Huko upepo lazima uvume kuelekea mashariki, kinyume na pepo za kawaida za tropiki. Ukikosekana, mzunguko umefunguka, yaani upepo haukizunguki kitovu pande zote, na hakuna dhoruba tena, hata mawingu yakitisha. Ila mvua haifuati cheo cha upepo! Dhoruba dhaifu inayokwenda polepole humwaga maji mengi mahali pamoja.

[07:47] Mjomba Salim: Njia yake nayo hubadilika. Mawingu yake yakiwa hayafiki juu sana, hufuata upepo wa chini. Utabiri unaoidhania ndefu kwenda juu na yenye nguvu utaipeleka kusiko.

[07:48] Baraka: Chombo kikae mbali kiasi gani?

[07:53] Mjomba Salim: Chukua umbali ambao upepo wa kilomita 63 kwa saa unafika kutoka kitovuni. Ongeza maili 100 za baharini kwa utabiri wa saa 24, 200 kwa saa 48, 300 kwa saa 72. Kitovu usikione? Upe upepo mgongo: kusini mwa Ikweta kiko kuliani kwako, kaskazini kiko kushotoni.

[07:55] Mwanaidi: Na ikishafunguka tuache kuifuatilia?

[07:58] Mamkubwa Zuhura: Hapana mwanangu. Mabaki yanaweza kusafiri siku kadhaa, na upepo wa juu ukitulia juu ya maji ya moto, mzunguko hufunga tena. Endelea kuyaangalia mpaka yafike kwenye maji baridi au nchi kavu.