Binti anajikuna mno sehemu za siri, dawa hazisaidii. Naombeni ushauri

NyotaYaMakole: Wakuu, naishi Dodoma na binti wa dada yangu, yuko kidato cha pili. Tangu arudi kutoka bweni anawashwa huko chini, anatokwa na uchafu mweupe mzito kama maziwa mgando, haunuki. Akikojoa panamchoma. Nifanyeje?

MzeeWaZabibu: Nguo za kubana hizo. Enzi zetu Mpwapwa tulioga maji ya korongoni na hatukuumwa chochote.

MamaWawili: Mzee, uliwahi kuwa binti? Dada, hiyo inafanana na fangasi. Kabla ya hapo alikunywa dawa gani?

NyotaYaMakole: Sioni zinahusiana vipi.

MamaWawili: Zinahusiana. Taja.

NyotaYaMakole: Haya. Duka la dawa walisema UTI, wakampa antibiotiki. Ilipoisha nikamrudishia dozi, kuwashwa kukazidi. Msinishambulie, vipimo ni hela. Sasa hivi anajisafisha ndani kwa maji ya kitunguu saumu, bibi mmoja wa Chamwino ndiye katuelekeza. Jumamosi tunaenda akamalizie.

NesiMstaafu: Mwanangu, huko ndani panajisafisha penyewe. Kuna bakteria wazuri wanaolinda, antibiotiki imewafagia, candida, yaani fangasi wenyewe, imebaki inatamba. Kitunguu, Dettol, sabuni ya manukato, acheni vyote. Anawe nje tu kwa maji. Zahanati wapime mkojo, uchafu nao wauangalie kwa hadubini. Ikiwa fangasi kweli, kuna vidonge vya klotrimazo vya kuweka ukeni au flukonazo ya kumeza, ila achague mtaalamu, si muuza duka. Ikirudi-rudi, apimwe na sukari.

Kidume_AreaC: Mbaneni kwanza, aseme ni mwanaume gani.

NesiMstaafu: Fangasi haihesabiwi kwenye magonjwa ya zinaa, hata bikira anapata. Ukimbana leo, kesho akiumwa atakuficha.

Mchokonozi: Chai hii. Mwezi jana mtoa mada alikuwa anatafuta mchumba, akajitambulisha ni kijana wa Nzuguni anayeishi peke yake. Binti kaota?

MzeeWaZabibu: 😂😂 Tangawizi imekolea.

NyotaYaMakole: Akaunti natumia na mdogo wangu wa kiume. Muulizeni yeye mambo ya mchumba.

Mchokonozi: Na yeye anawashwa?

MamaWawili: Nyie watani, kaeni pembeni. Dada, Chamwino unaenda huendi?

NyotaYaMakole: Bibi nimeshamtumia nusu ya hela.

MamaWawili: Nusu iliyobaki na nauli ya watu wawili, kapimie mkojo.