Mtoto kanywa mafuta ya taa, emejensi wamegoma kumsafisha tumbo. Nimhamishe?

BabaJunior: Wakuu, naombeni ushauri wa haraka. Mwanangu wa miaka miwili kanywa mafuta ya taa yaliyokuwa kwenye chupa ya maji. Hapa hospitali daktari kagoma kumsafisha tumbo, dripu hakuna, sindano hakuna. Kamwekea kile kifaa cha kidoleni tu, eti tusubiri masaa sita apigwe eksirei ya kifua. Kuna dispensari ya binafsi jirani, wao wamekubali kumsafisha.

Kipusa: Pole. Ila mafuta ya taa kwenye chupa ya maji? Wazazi wa sasa macho yote kwenye simu.

MzeeWaKigogo: Mdogo wangu aliyanywa, bibi akampa mawese. Leo ni bodaboda, petroli haimtishi.

NesiZamu: Baba Junior, nyumbani mlimpa nini?

BabaJunior: Hakuna cha maana. Anakohoa kidogo tu.

NesiZamu: Mlimtapisha?

BabaJunior: Mama mkwe alimpa maziwa, akamtia kidole, akatapika. Daktari hatujamwambia, tungegeuziwa kibao. Si sumu imetoka lakini? Halafu dispensari nimeshawatumia nusu ya hela.

NesiZamu: Hela isikuamulie. Hatari kubwa ya mafuta ya taa iko mapafuni kuliko tumboni. Ni mepesi, mtoto akitapika yanapanda kooni na kuteleza kwenye njia ya hewa, kidogo tu yanaunguza mapafu. Mpira wa kusafishia tumbo unaleta hatari hiyohiyo, ndiyo maana daktari kagoma. Eksirei ya mapema inaweza kuonekana safi huku mapafu yanaharibika. Na dripu si salama kwa kila mtoto: utafiti wa FEAST uliotoka 2011 ulifuatilia watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali Kenya, Uganda na Tanzania. Waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa wengi kuliko wasiomiminiwa. Ugonjwa ni mwingine, lakini tangu hapo mzazi akinidai dripu namweleza hilo.

Kipusa: Mimi nilimpoteza mtoto wa dada kwa kusubirishwa. Siwaamini hata kidogo.

Mchunguzi_TZ: Hii chai. Mtoto mahututi, baba anachati? Weka picha ya kadi ya hospitali.

MzeeWaKigogo: Kweli, na mama mkwe kaingia hadithi ilipokwama.

BabaJunior: Niko benchi la nje, mama yake ndiye yuko ndani. Kadi ya mwanangu siweki mtandaoni.

NesiZamu: Iwe chai, isiwe chai, mimi naijibu. Mbavu zinabonyea akivuta pumzi?

BabaJunior: Mama yake anasema zinabonyea. Asubuhi hazikuwa hivyo. Nimeshaita bajaji, dispensari wana mtungi wa oksijeni.

NesiZamu: Bajaji iondoke. Mwite daktari sasa hivi, mwambie anahema kwa shida na kwamba alitapishwa. Simu weka mfukoni.