Nina kilo 96 na nahamia Innsbruck: nichukue ski zipi za mlima mzima?

Mkaazi_wa_Rongai

Hamjambo wadau. Nimepata mkataba wa kazi Innsbruck, Austria, na natoka Nairobi mwishoni mwa Novemba. Ski si kitu kigeni kwangu. Nilifanya kazi Maseru, na kila msimu wa theluji nilikuwa napanda Afriski, kituo cha ski cha huko Lesotho, nikipata nafasi. Nageuza vizuri miguu ikiwa sambamba, na kasi ya wastani hainitishi. Lakini pale mteremko mkuu ni kilomita moja tu na theluji nyingi ni ya mashine, kwa hiyo ninayoijua ni theluji ngumu ya njiani basi, yaani ya miteremko iliyoshindiliwa.

Vipimo vyangu: mwanamume, miaka 34, urefu sm 176, kilo 96 kwa mizani ya yule jamaa wa Tom Mboya Street. Nataka jozi moja tu ya mlima mzima. Asubuhi inishike vizuri njiani, na theluji mpya ikianguka niweze kutoka kidogo pembeni na wenzangu.

Kuna mtu wa ofisi ya kule ananiuzia zake kwa bei nzuri: urefu sm 166, kiuno (upana wa katikati) mm 102, nyepesi na laini. Anasema zinanifaa kwa sababu zitanifika puani. Majedwali ya mtandaoni nayo yanashindana, moja linasema kidevuni, lingine linasema kwenye paji la uso. Sioni yakiuliza kilo. Uzito wangu unaingia wapi kwenye hesabu hii? Na upana unachaguliwa vipi kwa theluji ya kule? Mke wangu atanifuata Januari, ana sm 170 na kilo 54, naye anaanza kujifunza. Naombeni mwongozo.

Kilele_Baridi

Karibu Tyrol, jimbo la Innsbruck, ndugu. Niko huku muda mrefu, na swali lako ndilo watu wengi hulisahau mpaka wameshalipa.

Anza na namna ski inavyofanya kazi. Ilaze sakafuni uitazame kwa ubavu: nyingi zina upinde mdogo katikati, hazigusi sakafu pale unaposimama. Uzito wako ndio unaoukandamiza upinde ule, na ukiegemea upande mmoja kwenye kona, ski inapinda kinyume na kuchora tao kwenye theluji. Sasa ski haijui una urefu gani. Inachokisikia ni kilo zako na kasi yako. Mtu wa sm 176 mwenye kilo 65 na wewe mwenye 96 mkipewa ski ile ile, yeye ataiona ngumu na wewe utaiona imelegea. Kwako itapinda kupita kiasi, mkia utachomoka mwishoni mwa kona, na ukiongeza kasi pua za ski zitaanza kupigapiga.

Ndiyo maana hizo za sm 166 ningeziacha, hata kama bei inavutia. Tafuta kati ya 176 na 180. Usiogope namba hiyo, kwa sababu ski nyingi za mlima mzima za siku hizi zina roka, yaani pua imeinuliwa mapema kutoka kwenye theluji. Kwenye njia ngumu sehemu ile ya mbele haigusi chini kabisa, kwa hiyo ski ya 178 yenye roka inageuka kama fupi zaidi. Theluji ikiwa laini ndipo urefu wote unaingia kazini kukubeba.

Ugumu: chukua wa kati kwenda juu, kiini cha mbao, na ikiwezekana yenye bamba jembamba la Titanal (aloi ya alumini) chini ya mguu. Zile zenye mabamba mawili kutoka pua hadi mkia ziache kwa sasa. Zinataka kasi ambayo bado hujaizoea, na ukichoka mchana hazikusamehi. Nusu kipenyo cha kona, ile namba ya mita iliyoandikwa karibu na mkia, iwe kati ya 15 na 18.

pwani_hadi_theluji

Naunga mkono hoja ya urefu. Tazameni mashindano: mwanamke huyo huyo mmoja hutumia ski za takriban sm 155 kwenye slalomu, yenye kona fupi, na kwenye super-G, yenye kasi na kona kubwa, zinazopita mita mbili. Urefu wake haujabadilika, kilichobadilika ni kasi na ukubwa wa kona. Nililielewa hili nilipokuwa nikimfuatilia Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyeiwakilisha Kenya PyeongChang mwaka 2018. Nilikaa mbele ya runinga nikiitazama bendera yetu kwenye theluji, na moyo ulinijaa.

Mjukuu_wa_Gachie

Nisamehe kaka, lakini kwa mtu atakayerudi nyumbani baada ya mkataba, si afadhali fedha hizo ziwe za kiwanja? Ski utaziweka wapi Rongai?

Mkaazi_wa_Rongai

Asante kwa kunijali. Kiwanja kina bajeti yake. Hii ni afya yangu na ya mke wangu kwa majira ya baridi marefu ambayo jua huzama mapema, na ninaupenda mchezo huu kwa dhati.

@Kilele_Baridi nashukuru sana. Upana je? Huyu mwenzangu anasisitiza kwamba 102 ndiyo ya mlima mzima ya kweli.

Dada_wa_Utah

Mimi niko Salt Lake City na natumia 104. Huku theluji huanguka kavu na nyepesi, ukiishika kiganjani haishikani hata kufanya tonge. Ukiwa mzito na ski nyembamba unazama hadi magotini. Kwa kilo 96 mimi ningesema nenda 100 na kuendelea, kwa sababu kinachokuelesha kwenye theluji ya kina ni eneo lote la ski, urefu mara upana.

Kilele_Baridi

Dada, kwa Utah nakubaliana nawe asilimia mia. Innsbruck ni habari nyingine, na hapa ndipo theluji inapotoa uamuzi.

Theluji mpya kavu inaweza kuwa chini ya kilo 100 kwa mita moja ya ujazo. Njia iliyopitiwa na mashine za kushindilia hupita kilo 400. Mlima ni mmoja, lakini unakanyaga vitu viwili tofauti kabisa. Sasa jiulize utakuwa wapi muda mwingi. Mtu wa kazini anayepata Jumamosi na Jumapili, na ambaye hajawahi kutoka njiani, atakuwa kwenye theluji iliyoshindiliwa siku nyingi kuliko kwingine kote.

Ongeza mambo ya mahali penyewe. Innsbruck kuna upepo wa joto unaoshuka kutoka kusini, wenyeji wanauita Föhn. Ukivuma, theluji inalainika na kulowa, usiku inaganda, na asubuhi unakuta sahani ya barafu. Nordkette, mlima ulio juu ya mji kabisa, uso wake wa upande wa mji unaangalia kusini, kwa hiyo jua linauchoma mapema. Na msimu wa baridi kali nao si hakika siku zote: Olimpiki ya 1964 ilipofanyika pale, jeshi lilibidi libebe theluji kuipeleka kwenye njia za mashindano. Theluji ya kuaminika zaidi iko juu kwenye barafuto (barafu ya kudumu ya mlimani) ya Stubai, inakopita mita 3,000. (Mji wenyewe uko chini, takriban mita 574. Nairobi yetu iko juu kuliko Innsbruck kwa zaidi ya kilomita moja! Mapafu hayatakusumbua.)

Kwenye barafu, ski ya mm 102 inachelewa kulala ubavuni, na makali yanakuwa mbali na mstari wa mguu wako, kwa hiyo goti ndilo linalofanya kazi ya kuyalazimisha yashike. Kwa kilo 96 goti hilo linabeba mengi. Mimi ningekupa kiuno cha 84 hadi 90. Ukichukua upande wa juu wa kipimo hicho, 88 au 90 ikiwa na urefu wa 178, utakuwa na eneo la kutosha kwa siku ya theluji mpya ya sentimita kumi na tano au ishirini pembeni ya njia. Ikianguka nusu mita, kodisha pana siku hiyo. Maduka yako kila mahali chini ya lifti.

Dada_wa_Utah

Nimekuelewa, na kwa Föhn hiyo naondoa 104 yangu mezani. Lakini Mkaazi, ukipata nafasi ya kujaribu kabla ya kununua, ijaribu 84 na 90 siku moja kwenye njia ile ile. Mguu utakuambia.

fundi_makali

Nafanya kazi kwenye karakana ya ski, acha niongeze mambo ya mikono.

Ukinunua zilizotumika, kagua hivi. Pitisha ukucha kukata makali, si kwa urefu wake. Yakiwa hai yatakwangua unga mweupe wa ukucha. Tazama unene wa chuma kilichobaki. Kikiwa chembamba kama kadi ya simu, hakuna fundi atakayekinoa tena mara nyingi. Bana pua na mkia uone kama tabaka zimeachana. Weka ski mbili tumbo kwa tumbo mahali penye mwanga: upinde uwepo bado, na zikutane sawasawa puani na mkiani. Halafu tazama juu, kwenye sehemu ya vifungio vinavyoshika buti, uhesabu matundu ya skrubu yaliyozibwa. Ski iliyotobolewa mara tatu sitaki kumwekea mtu wa kilo 96.

Vifungio nitavirudia mpaka nisikike. Namba ya DIN, inayoamua kifungio kifunguke kwa nguvu gani ukianguka, haikisiwi na haiazimwi kwa rafiki. Fundi huipata kwa uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti kwa milimita, na namna unavyoteleza. Mpe kilo zako za kweli, bila koti wala begi. Wengine hupunguza kwa aibu na wengine huongeza kwa kujigamba, kisha ama kifungio kinafunguka katikati ya kona, ama hakifunguki na goti linalipa. Namba yako ikae katikati ya kipimo cha kifungio. Ikiwa kipimo ni 3 hadi 10 na wewe unaangukia 9, tafuta kifungio kikubwa zaidi. Na breki zake ziwe pana kuliko kiuno cha ski kwa milimita chache tu. Zikizidi sana zitakwaruza theluji ukilala ubavuni.

Msimu ukiisha, Machi na Aprili, maduka ya kukodisha huuza ski zao. Ukiweza kukodisha mpaka wakati huo utapata ski iliyonolewa vizuri kwa bei ya chini.

Wangari_54

Naomba nimsemee mke wako, maana mimi nina uzito kama wake. Mume asimchagulie ski kama zake zilizopunguzwa urefu. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa ski ngumu yenye bamba kwa sababu eti mimi ni mrefu. Nilikuwa nikisukuma kwa nguvu zote na ski ikienda moja kwa moja kama treni, haipindi. Mwalimu alinibadilishia fupi na laini, na kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nageuza pande zote mbili. Kwa kilo 54 na mtu anayeanza, ningesema sm 148 hadi 155, kiuno 72 hadi 78, na asinunue. Akodishe, abadilishe kila anapopanda ngazi. Urefu wake wa sm 170 usimdanganye mtu wa dukani.

Mkaazi_wa_Rongai

Wadau, Mungu awabariki. Nimemwandikia mwenzangu kwa heshima kwamba zile 166 sitazichukua. Nitakodisha Desemba na Januari, nijaribu 84 na 90 zote zikiwa karibu na 178, na Machi nitafute za kununua. Mke wangu amesoma maneno ya Wangari_54 mara mbili.

Swali la mwisho. Bajeti yangu inatosha kitu kimoja kipya msimu huu. Kuna mtu Toi Market ameniahidi buti za ski za mtumba. Koti nililolipata kwake ni zuri ajabu, lina hata kile kimfuko cha mkono wa kushoto cha kadi ya lifti. Nichukue buti hizo?

fundi_makali

Koti sawa kabisa. Buti hapana, kaka. Kitu kipya msimu huu kiwe buti, na ununue ukiwa umefika, mbele ya mtu anayepima miguu. Plastiki ya zamani huwa ngumu na kupasuka bila kutoa taarifa, na soli iliyolika haikai sawa kwenye kifungio.

Dukani omba watoe soksi nene ya ndani ya buti. Ingiza mguu kwenye ganda tupu, sogeza vidole viguse mbele, kisha pima nafasi nyuma ya kisigino. Iwe ya kidole kimoja, isizidi viwili. Rudisha soksi ya ndani, funga, simama wima: vidole viguse kidogo. Kunja magoti kwa mbele, vidole virudi nyuma. Kisigino kisipande. Kwa uzito wako namba ya ugumu wa buti (flex) ianzie 100. Chini ya hapo utaulaza ulimi wa buti mpaka chini na ski haitasikia unachoiambia. Kaa nayo miguuni dukani nusu saa nzima, usione haya.

Kilele_Baridi

Na siku utakayotoka nje ya njia, soma kwanza taarifa ya maporomoko ya theluji ya Tyrol, hutolewa kila siku msimu wa baridi kwa ngazi 1 hadi 5. Ngazi ya 3 watu huidharau kwa kuwa iko katikati, na inaua. Usitoke bila kifaa cha redio cha kutafutana, fimbo ya kudunga theluji kumtafuta aliyefukiwa, na koleo, na mwenzako awe navyo pia. Ukifika niandikie faraghani, nitakuonyesha duka linalopima miguu kwa subira.