Naomba ushauri: dawa ya kolesteroli yenye viambato viwili na maumivu ya mapaja

Hamjambo wenzangu. Mama yangu yuko Kisumu, upande wa Kibuye. Kolesteroli mbaya ilikataa kushuka kwa atovastatini pekee, daktari akambadilishia kidonge chenye atovastatini pamoja na ezetimibu miligramu 10. Ya kwanza hupunguza kolesteroli inayotengenezwa na ini, ya pili huzuia utumbo kuifyonza. Hilo nimelielewa.

Shida ni mapaja. Akishuka matatu sasa lazima ashike mlango kwa mikono miwili, na kwenye kiti huinuka akijisukuma. Mkojo haujageuka rangi ya chai. Hilo nalifuatilia sana kwa sababu ni dalili ya misuli kuharibika. Balungi nimemkataza, mfamasia alisema linazidisha dawa mwilini. Jirani anamshawishi aache vidonge anywe maji ya kitunguu saumu. Sikubali hata kidogo, mama ana presha na naogopa kiharusi.

Kliniki ni wiki ijayo. Nisingoje, nimpigie daktari leo? Waliotumia mchanganyiko huu, mlipunguziwa dozi au mlibadilishiwa statini, yaani dawa nyingine ya kundi la atovastatini? Na kipimo cha CK, kile cha misuli, niombe kifanywe pamoja na cha ini?