Haiti baada ya Azimio 2793: Kenya ibaki, ipunguze au iondoke?

Mtaka_Waraka
Wadau, tuseme mmepewa kazi ya kuwaandikia mawaziri waraka wa kurasa mbili kuhusu polisi wetu walioko Port-au-Prince. Tarehe 30 Septemba 2025 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio 2793. Ujumbe wa MSS (ule wa kimataifa wa kuwasaidia polisi wa Haiti dhidi ya magenge) tuliouongoza tangu Juni 2024 ukaidhinishwa kugeuka kuwa Kikosi cha Kukandamiza Magenge chenye askari hadi 5,500. Mngeshauri nini? Habari za "heshima ya taifa" na "warudi nyumbani" nimeshazisikia. Nataka sheria, pesa, na mahali mambo yanapoweza kuharibika.

Kifungu240
Anza na makaratasi, kwa sababu ndiyo yatakayokukwamisha kabla ya magenge.

Tarehe 26 Januari 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kwamba Baraza la Usalama la Taifa la hapa Kenya halina mamlaka ya kupeleka polisi nje ya nchi. Kifungu cha 240(8) cha Katiba, kinacholiruhusu baraza hilo kupeleka vikosi nje, kinazungumzia majeshi, si polisi. Njia iliyobaki kwa polisi ni vifungu vya 107 na 108 vya Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi: lazima kuwe na mapatano ya kusaidiana kati ya nchi mbili, na serikali ya huko yenyewe iombe. Ndiyo maana Ariel Henry, waziri mkuu wa Haiti wakati huo, alikuja Nairobi, na mapatano yakatiwa saini tarehe 1 Machi 2024. Alipotaka kurudi, magenge yalikuwa yamevamia uwanja wa ndege. Hakuweza kurudi Haiti, na akajiuzulu. Anayetaka kupinga mapatano hayo mahakamani ana pa kuanzia.

La pili ni kazi yenyewe. MSS iliundwa kuwasaidia polisi wa Haiti. Kikosi kipya kimeruhusiwa kupanga na kufanya operesheni chenyewe, pamoja nao au bila wao. Maana yake, raia akiuawa kwenye msako hutaweza kusema ulikuwa msaidizi tu. Kabla hata ya kuhesabu askari, waraka wako ujibu: nani atachunguza, nani atalipa fidia, na chini ya mapatano gani.

Posho_na_Mafuta
Kifungu240 kasema kweli, ila mimi ningeanza na pesa.

MSS iliishi kwa michango ya hiari. Ilipangiwa watu 2,500 na haikufika hata nusu. Azimio jipya linaunda ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuhudumia kikosi: chakula, matibabu, usafiri, kambi, kwa fedha za michango ya lazima ya nchi wanachama. Hapo ni nafuu kubwa. Lakini posho za askari bado zinategemea hiari ya wafadhili, na hapo ndipo watu wanapojidanganya.

Tazameni Somalia. Muundo ulikuwa huohuo: Umoja wa Mataifa ukaleta vifaa, Umoja wa Ulaya ukalipa posho za AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika kule. Mwaka 2016 Ulaya ikakata asilimia 20, posho ikashuka kutoka dola 1,028 kwa mwezi hadi 822. Burundi ikawa na balaa zaidi: wafadhili walikataa kupitisha fedha kwa serikali ya Bujumbura, wanajeshi wakakaa miezi bila malipo, na Burundi ikatishia kuwaondoa wote.

Kwa hiyo sharti la kwanza: fedha za posho za miezi sita ziwe zimeshaingia kwenye akaunti kabla ya zamu mpya kupanda ndege. Ahadi ya jukwaani hainunui kitu.

Mtaka_Waraka
Je, tukiwaondoa polisi tupeleke KDF (jeshi letu)? Kikosi kipya si kinapokea wanajeshi?

Kifungu240
Kinapokea. Ila hapo 240(8) inakubana moja kwa moja: idhini ya Bunge. Tena KDF wana Somalia tayari.

Mtaro_wa_Artibonite
Msisahau ardhi yenyewe. Magari ya deraya waliyopewa ni mazito, na magenge yamejifunza kuchimba mitaro barabarani. Tarehe 25 Machi 2025 huko Pont-Sondé, mkoani Artibonite, gari moja la polisi wa Haiti lilikwama kwenye mtaro kama huo, na waliokwenda kulinasua wakaviziwa. Bila helikopta, msaada hupita barabara ileile iliyotegwa. Polisi waliozoea doria wakitumwa kushika vituo vidogo vilivyotawanyika Artibonite, kila kituo kinahitaji msafara wa maji na risasi, na kila msafara ni shabaha.

Ningependekeza kubaki na kazi mbili tu: kulinda uwanja wa ndege na bandari, na kufundisha polisi wa Haiti. Idadi ipungue kwa kutoleta wengine zamu inapoisha, bila kutangaza tarehe ya kuondoka kwa mkupuo. Ukiitangaza, magenge hukaa kimya yakikungoja, na wafadhili hufunga mkoba siku hiyohiyo.

Na maji taka yaingie kwenye waraka. Kipindupindu cha 2010 kilianzia kwenye mto ulio jirani na kambi ya walinda amani wa Nepal karibu na Mirebalais, kikaua watu wapatao 10,000. Azimio 2699, lililoidhinisha MSS, lenyewe lilitaka maji taka yashughulikiwe ipasavyo. Kabla ya kukabidhi kambi yoyote, pimeni mashimo, pigeni picha, muwe na hati ya makabidhiano iliyosainiwa na pande zote.

Posho_na_Mafuta
Naafiki, isipokuwa bandari. Silaha nyingi za magenge hutoka Florida zikiwa ndani ya makontena. Ukilinda geti bila mamlaka ya kufungua mizigo, umewalindia magenge bidhaa zao. Mamlaka ya ukaguzi pamoja na forodha ya Haiti iandikwe kwenye mapatano mapya, na mapatano hayo yasainiwe na atakayeshika nchi baada ya Baraza la Mpito lililoiongoza Haiti baada ya Henry, ambalo muda wake ulipangwa kuishia 7 Februari 2026.