Mrejesho: yule kifaranga wa miguu mirefu

Haya jamani nimerudi. Nliuliza hapa kuhusu kifaranga mmoja kati ya watano nliouziwa kama Kuroiler (kuku chotara), wenzake washaota manyoya yeye kifua kitupu na miguu mirefu ajabu, nkadhani mgonjwa. Wengine mkasema kishingo (kuku wa shingo tupu), wengine nimpe dawa ya minyoo (nlimpa, hakubadilika kitu).

Sasa ana miezi mitano na wallahi si Kuroiler wala kishingo, shingo imejaa manyoya. Ni kuchi, wale kuku wa kienyeji wa kupigana! Mdomo mfupi umepinda kama wa kasuku, upanga wa kichwani hana wa kusema, ni kinundu tu kimekaa juu ya kichwa, na akisimama anyooka wima kama askari wa geti. Ami yangu wa Majengo alimuona mara moja tu akacheka, "Huyu kuchi mwanangu, hawa manyoya huchelewa."

Tatizo ni ukorofi, juzi kamtoa damu jogoo wa jirani ikabidi nimjengee banda lake peke yake, mbao zenyewe bei zimepanda. Na ubabe wote huo kuwika bado hajui, akohoa tu kama mzee wa sigara.